Kusoma Data ya Ufaulu wa Shule kwenye Ramani: Mwongozo Kamili kwa Waandaaji wa Sera

Ramani ya ufaulu wa shule humshawishi mtu upesi kuliko jedwali. Jedwali lenye safu za wastani wa alama humlazimu msomaji atulie, alinganishe na arudi nyuma. Ramani humpa jibu kabla hajamaliza kuuliza swali, kwani jicho likishaona eneo lenye rangi nzito, akili hukata shauri papo hapo kwamba huko shule ni mbovu. Shauri hilo likiingia kwenye waraka wa sera linaweza kuhamisha fedha, kuondoa walimu wakuu na hata kufunga shule ambayo, ikipimwa ipasavyo, ingeonekana inafanya kazi nzuri kuliko jirani zake. Mwongozo huu unamlenga ofisa mipango, mjumbe wa bodi ya elimu na mchambuzi yeyote anayetakiwa kutoka kwenye rangi za ramani hadi kwenye pendekezo ambalo yuko tayari kulitetea mbele ya wazazi.

Mifano mingi nimeichukua Marekani, kwenye ramani ya wazi ya mradi wa fursa za elimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, unaoongozwa na Profesa Sean Reardon. Ramani hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2019, hutumiwa bila malipo kupitia kivinjari cha kawaida, na huonyesha kaunti, wilaya za shule na shule mojamoja. Nimeichagua kwa sababu inatenganisha mambo ambayo ramani nyingi huyachanganya, lakini hatua zenyewe zinafaa kwa ramani yoyote inayokuruhusu kubofya, kukuza na kuchuja.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kufungua ramani

Andika kwa sentensi moja uamuzi unaosubiriwa na nani atakayeufanya. "Tuna fedha za kuweka walimu wa ziada wa kusoma katika shule 30, wapelekwe wapi?" ni swali linaloelekea kwenye uamuzi. "Tuangalie hali ya ufaulu" halielekei popote, na anayeanza nalo huzurura kwenye ramani mpaka aone kile alichokitarajia tangu mwanzo.

Kisha tambua swali lako ni la aina gani kati ya tatu. Lipo swali la uhitaji: watoto walio nyuma zaidi wako wapi? Lipo swali la ufanisi: ni wapi shule zinawasogeza watoto kwa kasi, na ni wapi zinakwama? Na lipo swali la mabadiliko: ni wapi hali inapanda au kushuka mwaka hadi mwaka? Kila swali lina kipimo chake, na kila kipimo huchora ramani yake. Anayejibu swali la ufanisi kwa ramani ya uhitaji atapata jibu lisilo sahihi hata kama kila tarakimu aliyoitumia ni ya kweli.

Hatua ya 2: Ijue data iliyo nyuma ya rangi

Kabla ya kubofya eneo lolote, fungua ukurasa wa maelezo ya data na utafute mambo manne: ni mtihani gani uliotumika, ni madarasa gani yaliyopimwa, ni miaka ipi, na ni watoto gani waliokosekana. Hili la nne husahaulika mara nyingi. Shule ambayo watoto dhaifu hawakufika siku ya mtihani itang'aa kwenye ramani, na anayesoma rangi peke yake atapendekeza ipongezwe.

Mfano wa Marekani unaonyesha kwa nini hatua hii haiwezi kurukwa. Sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002 ililitaka kila jimbo kuwapima wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane kila mwaka katika kusoma na hisabati, lakini kila jimbo liliachiwa kuchagua mtihani wake na kuweka lenyewe alama ya kuhesabiwa kuwa umefaulu. Matokeo yake ni kwamba asilimia ya waliofaulu katika jimbo moja haiwezi kuwekwa kando ya asilimia ya jimbo jingine, kwa kuwa mstari wa kufaulu umechorwa juu huku na chini kule. Watafiti wa Stanford walitatua tatizo hilo kwa kutumia mtihani wa kitaifa unaofanywa na sampuli za wanafunzi wa darasa la nne na la nane katika majimbo yote, wakazihamishia alama za majimbo kwenye mizani moja. Ndiyo maana ramani yao husema kwamba wilaya fulani iko nusu darasa juu ya wastani wa kitaifa au darasa moja chini yake (darasa moja hapa ni kile ambacho mtoto wa kawaida hujifunza kwa mwaka), na mtu akaweza kulinganisha wilaya zilizo katika majimbo mawili tofauti.

Ikiwa ramani unayoitumia inaonyesha asilimia ya waliofaulu tu, ongeza uangalifu. Tuseme alama ya kufaulu ni 50, na wilaya mbili zina wastani unaokaribiana. Katika wilaya ya kwanza watoto wengi wako kwenye alama 47 hadi 49. Katika ya pili wengi wako kwenye 30, huku wachache wakiwa 80. Mafunzo mafupi ya kujiandaa na mtihani yataipandisha ya kwanza ghafla na ramani itabadilika rangi, ilhali walichojifunza watoto kimeongezeka kidogo sana. Katika wilaya ya pili watoto wa alama 30 wanaweza kupanda hadi 45, ambayo ni hatua kubwa, na ramani isionyeshe chochote. Penye nafasi ya kuchagua, chagua wastani wa alama badala ya asilimia ya waliofaulu.

Angalia pia miaka iliyokosekana. Mwaka 2020 mitihani ya majimbo ya Marekani haikufanyika kwa sababu ya janga la korona, na mwaka 2021 idadi ya waliofanya ilishuka sehemu nyingi. Mstari unaounganisha 2019 na 2021 moja kwa moja unaficha pengo hilo, na unawalinganisha watoto wasiotoka kwenye kundi moja.

Hatua ya 3: Chagua ngazi inayolingana na uamuzi

Anza na picha pana, kisha shuka ngazi moja baada ya nyingine hadi kwenye ngazi ambayo uamuzi wako utatekelezwa. Kama walimu wa ziada watapelekwa shuleni, ramani ya kaunti haitoshi, maana kaunti yenye wastani wa kati inaweza kuwa na shule kumi bora sana na kumi zilizoachwa nyuma, na rangi ya kaunti ikawa ile ya katikati isiyomshtua yeyote.

Onyo kuhusu ngazi ni la zamani. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alichambua takwimu za sensa ya Marekani ya mwaka 1930 na kuonyesha kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi zaidi yalikuwa na watu wachache zaidi wasiojua kusoma na kuandika. Lakini ukiwatazama watu mmojammoja, wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, kwani wahamiaji walikuwa wamekwenda kuishi katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Kwa hiyo usiseme lolote kuhusu mwanafunzi kwa kutazama wilaya, wala kuhusu shule kwa kutazama kaunti. Ramani ikigoma kushuka hadi ngazi unayoihitaji, omba data ya ngazi hiyo kwa wenye nayo, na wakati unaisubiri andika kwenye rasimu kwamba hitimisho linaishia ngazi ya juu.

Kumbuka pia kwamba mipaka inaweza kubadilika. Wilaya ikigawanywa mara mbili, wastani wa kila kipande utakuwa mpya hata kama hakuna mtoto aliyejifunza zaidi au pungufu. Hakikisha mipaka iliyochorwa ni ya miaka ileile ya data.

Hatua ya 4: Tenganisha kiwango, kasi na mwelekeo

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Ramani ya Stanford ina vipimo vitatu unavyoweza kubadilisha kwa kubofya: wastani wa alama, kasi ya kujifunza, na mwelekeo wa alama kwa miaka. Ramani nyingi nyingine zina cha kwanza tu, na hicho ndicho kinachopotosha zaidi kikisomwa peke yake.

Wastani wa alama za darasa la tatu hadi la nane ni jumla ya kila kitu kilichompata mtoto tangu azaliwe: lishe, vitabu nyumbani, elimu ya wazazi, malezi ya awali, usalama wa mtaa, na pia shule. Unapoona wastani mdogo umeona watoto waliopata fursa chache, na hiyo ni habari muhimu sana kwa anayegawa rasilimali. Lakini bado hujaona iwapo shule inafundisha vizuri au vibaya. Kasi ya kujifunza hutazama jambo jingine: kundi la watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka fulani wamesogea kiasi gani walipofika darasa la nne mwaka uliofuata, la tano mwaka uliofuata tena, na kuendelea. Kipimo hiki kiko karibu zaidi na kazi ya shule.

Tazama wilaya mbili za kubuni. Wilaya A ina watoto ambao, wakiwa darasa la tatu, wako darasa moja juu ya wastani wa kitaifa, na kila mwaka wanajifunza sehemu 0.9 ya kile ambacho mtoto wa kawaida hujifunza kwa mwaka. Wilaya B ina watoto walioanza darasa moja na nusu chini ya wastani, lakini kila mwaka wanajifunza sehemu 1.2. Baada ya miaka mitano, yaani wakifika darasa la nane, A imeshuka hadi nusu darasa juu ya wastani, na B imepanda hadi nusu darasa chini yake. Tofauti iliyokuwa madarasa mawili na nusu imebaki darasa moja. Hata hivyo, ukipaka rangi wastani wa miaka yote, A itaonekana robo tatu ya darasa juu na B darasa zima chini, na mjumbe wa bodi atakayeangalia ramani hiyo peke yake atapeleka wakaguzi B na tuzo A.

Mambo haya yametokea kweli. Uchambuzi ambao Reardon na mwenzake waliuchapisha mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanafunzi wa shule za umma za Chicago, ambao wastani wao wa darasa la tatu ulikuwa chini sana ya ule wa taifa, walipiga hatua ya takribani miaka sita ndani ya miaka mitano kati ya darasa la tatu na la nane. Kwenye ramani ya wastani Chicago ilikuwa mahali pa kuhurumiwa. Kwenye ramani ya kasi ilikuwa mahali pa kujifunzia. Anayeandaa sera anahitaji ramani zote mbili: ya kwanza inamwambia kwamba miaka kabla ya darasa la tatu, pamoja na malezi ya awali, ndiyo inayohitaji fedha, na ya pili inamwambia asiivuruge kazi inayoendelea madarasani.

Kasi nayo ina mpaka wake. Mara nyingi hupimwa kwa makundi ya mwaka bila kumfuata mtoto mmojammoja, kwa hiyo wilaya ambayo familia nyingi huhamia au kuhama inaweza kupanda au kushuka kwa sababu watoto wamebadilika. Penye uhamaji mkubwa, usiiamini kasi kabla ya kuangalia idadi ya walioandikishwa kila mwaka.

Mwelekeo kwa miaka hulinganisha watoto wa darasa lilelile wa leo na wa miaka iliyopita. Unafaa kwa kutathmini mabadiliko yaliyoanza tarehe inayojulikana, mradi mtihani haukubadilishwa katikati.

Hatua ya 5: Soma mchoro wa mtawanyiko pamoja na ramani

Ramani nzuri huambatana na mchoro ambao kila wilaya ni kitone: hali ya kiuchumi na kijamii ya familia iko kwenye mstari wa chini, ufaulu uko kwenye mstari wa wima. Ufungue mchoro huo kwa kipimo cha wastani kwanza. Katika data ya Stanford vitone hupanda kutoka kushoto chini hadi kulia juu kwa mkusanyiko ulioshikamana: wilaya zenye familia zenye uwezo ziko juu, zenye familia maskini ziko chini. Sasa badilisha kipimo kiwe kasi ya kujifunza, huku macho yako yakiwa kwenye mchoro. Mteremko ule karibu unatoweka na vitone vinatawanyika kama wingu, wilaya maskini zikionekana juu na chini, na zenye uwezo vilevile. Mabadiliko hayo ya sekunde moja yana thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo, na ukipata nafasi ya kuwaonyesha wafanya maamuzi jambo moja tu, waonyeshe hilo.

Kisha tafuta vitone vilivyo mbali na wenzao. Chagua hali ya kiuchumi inayofanana na ya wilaya yako, tazama wima kutoka pale, na uandike majina ya wilaya tatu au nne zilizo juu zaidi. Hizo ndizo za kulinganisha nazo, kwa sababu familia za huko zina hali kama ya familia za kwako. Kuilinganisha wilaya maskini na wilaya tajiri ya jirani eti kwa kuwa zinapakana ni kumwonea mwalimu.

Hatua ya 6: Pima idadi ya wanafunzi kabla ya kusifu au kulaumu

Bofya shule zilizo juu kabisa na zilizo chini kabisa, uangalie kila moja ina wanafunzi wangapi. Mara nyingi utakuta shule ndogo katika ncha zote mbili, na sababu yake ni ya kihesabu. Wastani wa watoto wachache huyumba zaidi. Kuyumba huko hupatikana kwa kugawa mtawanyiko wa alama kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watoto. Mizani ikiwa na mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko huo) wa alama 100, wastani wa watoto 25 una kosa sanifu, yaani kiasi cha kuyumba, la alama 20, na wa watoto 400 una la alama 5 tu. Ina maana shule ndogo inaweza kuonekana imepanda au kushuka alama 40 bila mwalimu yeyote kubadilisha chochote, wakati katika shule kubwa mabadiliko ya alama 40 ni tukio linalostahili kuchunguzwa.

Kwa shule ndogo, unganisha miaka mitatu au zaidi kabla ya kusema lolote, na kama ramani inatoa upeo wa uhakika wa kila kadirio, yaani namba ya chini na ya juu ambazo wastani halisi huenda uko kati yake, uusome. Pale upeo wa shule mbili unapoingiliana sana, usizipange kwa nafasi. Orodha inayosema hii ni ya 14 na ile ni ya 15 haina maana iwapo data yenyewe haiwezi kuzitofautisha, na uchungu wa kuwekwa nafasi ya chini huwafikia watoto wa pale.

Baadhi ya shule zitakuwa tupu au na rangi ya kijivu. Kwa kawaida zimefichwa kulinda faragha ya watoto wachache, au data haikutosha. Usizihesabu kama sifuri, na usijaribu kuyafichua matokeo ya kundi dogo kwa kutoa jumla ya makundi mengine.

Hatua ya 7: Chuja kwa makundi

Rudia hatua ya 4 hadi ya 6 kwa wasichana na wavulana, kwa watoto wa familia maskini na wasio maskini, na kwa makundi mengine yanayohusu uamuzi wako. Unapotazama pengo kati ya makundi mawili, tazama sikuzote namba mbili zilizolizaa. Pengo linaweza kupungua kwa sababu walio chini wamepanda, na linaweza kupungua kwa sababu walio juu wameporomoka. Ramani ya pengo hupaka hali hizo mbili rangi moja. Wilaya inayosherehekea ya pili imejidanganya.

Hatua ya 8: Shuku rangi na ukubwa wa eneo

Ramani ya kwanza inayojulikana iliyopaka maeneo rangi kwa uzito wa takwimu ilichorwa na Mfaransa Charles Dupin mwaka 1826, na ilihusu elimu: kila mkoa wa Ufaransa ulitiwa kivuli, kuanzia cheupe hadi cheusi, kulingana na uwiano wa wanafunzi kwa wakazi. Udhaifu wake tunao hadi leo. Eneo kubwa lenye watoto wachache hujaza kioo, na jiji lenye watoto laki kadhaa huwa kitone; wilaya ya jiji la New York, iliyo kubwa kuliko zote Marekani kwa idadi ya wanafunzi, humezwa kwa macho na wilaya za magharibi zenye watu wachache. Kama ramani ina uwezo wa kuonyesha duara zinazokua kwa idadi ya wanafunzi, utumie.

Angalia ufunguo wa ramani uone mipaka ya rangi imewekwa wapi. Shule yenye wastani wa 49.9 na ile ya 50.1 zinaweza kuwa na rangi mbili zinazopingana. Na ukiandaa ramani yako mwenyewe, epuka nyekundu dhidi ya kijani, kwani wapo wasomaji wasioweza kuzitofautisha.

Hatua ya 9: Toka kwenye ramani uende shuleni

Ukifika hapa una orodha fupi: shule zenye uhitaji mkubwa na kasi ndogo, shule zenye uhitaji mkubwa na kasi kubwa, na chache zenye wastani mzuri lakini zinazozorota bila kelele. Ramani haiwezi kukueleza sababu. Kusanya data ya mahudhurio, idadi ya walimu na muda wanaodumu, ukubwa wa madarasa na lugha wanazozungumza watoto nyumbani, kisha nenda ukazungumze na walimu wakuu. Anza na shule za kundi la pili, zile zenye watoto wenye mazingira magumu wanaojifunza upesi, kwa kuwa huko utakuta mbinu ambazo tayari zinafanya kazi kwa watoto kama wale unaotaka kuwasaidia.

Katika waraka wa mapendekezo, weka ramani ya wastani na ya kasi upande kwa upande, kwa maeneo yaleyale na miaka ileile. Taja toleo la data, tarehe uliyoipakua, vichujio ulivyotumia na kiwango cha chini cha idadi ya wanafunzi ulichokubali, ili mwingine akifuata njia hiyo afike ulikofika. Mwisho, andika matokeo gani yatakayoonyesha kwamba uamuzi haukufaa. Kwa wale walimu wa ziada wa kusoma katika shule 30, kipimo hicho kinaweza kuwa kasi ya kujifunza kusoma kati ya darasa la tatu na la tano, ikilinganishwa na shule za hali sawa ambazo hazikupata mwalimu; tarehe ya kukitazama, na jina la ofisi itakayokitazama, viwekwe katika waraka huohuo kabla haujatiwa saini.